Mvua Ikikukuta Grenada: Ushauri kwa Anayeshuka Nchi Kavu

Wengi wanaoizunguka Karibiani kwa yoti wamejipangia jua tu. Ratiba yao ni fukwe, kupiga mbizi na samaki wa kuchoma. Mvua ikianza kupiga sitaha asubuhi, chombo kizima kinanuna. Wapo wanaojifungia ndani mpaka watu wanaanza kugombania kikombe, na wapo wanaorukia dingi, ile mashua ndogo ya kushukia, mbio mbio kuelekea baa ya karibu, wakakaa humo hadi usiku. Njia zote mbili sizipendi. Ya kwanza inachosha, na ya pili inakula pesa na mara nyingine inazamisha. Siku ya mvua ni siku nzuri ya kushuka, ilimradi ukubali kwamba safari ya kushuka inaanzia chomboni, saa nzima kabla hujaifungua kamba ya dingi.

Nitaizungumzia zaidi Grenada, kwa sababu huko ndiko mvua na yoti hukutana kwa wingi. Kisiwa kiko karibu digrii 12 kaskazini mwa ikweta, na kampuni nyingi za bima humtaka mwenye yoti akae kusini kiasi hicho katika msimu wa vimbunga, yaani kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Matokeo yake ghuba za kusini mwa kisiwa, kama Prickly Bay, Mount Hartman na Clarkes Court, hujaa milingoti katika miezi ileile ya mvua. Waswahili wanaofika huko ni wachache, lakini wapo: huyu ni baharia wa kuajiriwa kwenye yoti ya tajiri, yule anaishi Ulaya au Marekani na amechangishana na wenzake kukodi chombo. Yote nitakayosema yanawahusu hao wote, isipokuwa kwamba baharia wa kuajiriwa hana hiari ya kununa.

Kwanza ijue mvua yenyewe. Ipo ya kupita. Unaiona ikija kutoka upande wa mashariki: wingu jeusi limeinama, na chini yake mstari mweupe pale upepo unapochapa maji. Ikifika, upepo uliokuwa wa kilomita 25 kwa saa unaruka hadi 50 au zaidi, inamwaga kwa dakika 20 hivi, kisha jua linatoka. Mvua hii haihitaji ratiba mpya. Inahitaji tu isikukute katikati ya ghuba, ndani ya dingi, na mikate ya watu wote mapajani.

Ya pili ni ile ya kutwa, na mara nyingi inaletwa na kile ambacho watabiri hukiita wimbi la kitropiki. Jina lisikupoteze ukatazama maji. Ni ukanda wa hewa yenye mgandamizo mdogo unaosafiri kwenda magharibi. Mengi ya mawimbi haya huzaliwa juu ya bara letu, kati ya nyanda za juu za Sudan na Ethiopia na pwani ya Afrika Magharibi, yakavuka Atlantiki na kufika Karibiani moja baada ya jingine, kila baada ya siku chache. Kwa mwenye chombo, mvua ndiyo sehemu nyepesi ya habari. Sehemu nzito ni upepo. Kabla wimbi halijafika, upepo huelekea kutoka kaskazini mashariki, na likishapita huhamia mashariki au kusini mashariki. Chombo ulichokiacha asubuhi kikiwa kimelala upande mmoja wa nanga, jioni kinaweza kuwa upande mwingine, karibu na jirani ambaye asubuhi alikuwa mbali. Prickly Bay, kwa mfano, mdomo wake unatazama kusini. Upepo ukishahama, mawimbi huingia moja kwa moja na chombo huanza kuyumba ubavu kwa ubavu.

Ndiyo maana nasema kutazama wingu hakutoshi. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa taarifa ya Atlantiki nzima kila baada ya saa sita katika msimu. Isome kabla ya kifungua kinywa. Ikitaja kimbunga kinachoelekea kwenu, makala hii iweke kando, maana hapo habari ya matembezi imekwisha. Grenada yenyewe ilidhaniwa kuwa iko nje ya njia mpaka kimbunga Ivan kilipopiga 7 Septemba 2004 na kuharibu karibu asilimia 90 ya nyumba. Tarehe 1 Julai 2024 Beryl akapita juu ya Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada, akiwa kimbunga cha daraja la nne, na yoti nyingi zilizokuwa zimejificha kwenye mikoko ya Tyrrel Bay zilivunjika humohumo mafichoni. Ikiwa taarifa inataja wimbi la kawaida tu, endelea kusoma.

Kabla ya kushuka, nenda omo ukautazame mnyororo. Kwenye maji ya mita tano, mita 25 za mnyororo ni kiasi cha siku tulivu. Siku ya dhoruba fupi fupi, ongeza hadi 35 kama majirani wanakuachia nafasi. Kisha chagua alama mbili zilizopangana nchi kavu, tuseme nguzo ya simu na kona ya paa jekundu, uzipige picha kutoka sitahani. Ukifika gatini geuka, kitazame chombo chako kutoka upande huo pia, upige picha nyingine. Baadaye, ukiwa umekaa mahali na upepo umepanda, hutabaki kubishana na mwenzako kama chombo kimesogea au ni macho tu. Nanga ikiburura, picha itasema.

Ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu: siku ya mvua ya kutwa, asishuke kila mtu. Abaki mmoja anayejua kuwasha mashine na kupandisha nanga, na zamu ibadilishwe saa saba mchana ili naye aione nchi. Najua wanaokodi chombo kwa wiki moja hawapendi kusikia hivi, kila mtu amelipa na kila mtu anataka kwenda. Lakini upepo unaohama hautazami nani kalipa. Kama mko wawili na hamtaki kuachana, basi msiende mahali ambapo kurudi kunachukua zaidi ya nusu saa.

Anayebaki asikae bure. Maji ya mvua ni mali. Turubai la mita mbili kwa tatu lililofungwa vizuri juu ya sitaha hukinga lita 120 kwa mvua ya milimita 20 tu. Yale ya dakika za mwanzo yaache yapite, kwa maana yanaosha chumvi, kinyesi cha ndege na vumbi jekundu linalosafiri mpaka huko kutoka Sahara. Yanayofuata elekeza kwenye ndoo na tangi. Madirisha ya sitahani yafungwe yote, hata lile dogo la chooni ambalo kila mtu huamini mwingine amelifunga. Godoro la yoti likishaloa ni kazi ya siku tatu.

Jambo moja husahaulika: siku isiyo na jua, paneli za sola hazizalishi cha maana, na friji inaendelea kunywa umeme uleule. Pampu ya ngama inategemea betri hizohizo. Kama betri zenu ni za asidi za volti 12 na kipimo kinaonyesha 12.2 zikiwa zimepumzika, mmeshafika karibu nusu. Zimeni friji, au washeni mashine kwanza zijae, ndipo mshuke. Nimewahi kuwaona watu wakirudi wamenunua samaki wa kutosha wiki nzima, kumbe friji imeshakufa tangu saa tano asubuhi.

Sasa dingi. Hiki kidude kidogo ndicho kinachowapa watu taabu siku ya mvua kuliko chombo kikubwa. Fanya hesabu: mvua ya milimita 50, ambayo kwenye siku ya wimbi la kitropiki si ajabu, ikimwagika kwenye eneo la mita tatu za mraba ni lita 150. Hizo ni kilo 150 za maji zinazocheza ndani ya mashua ya mpira, huku mashine ikining'inia tezi na tangi la mafuta linaelea. Ukiiacha gatini kutwa, weka kopo la kufulia maji ndani yake, tena lifungwe kwa kamba lisije likaelea na kuondoka. Kamba ya kufungia iwe ndefu, wengine wapate nafasi ya kupita. Mashine usiiinue juu ikiwa gati limesongamana, maana panga lake likiwa hewani huchana mipira ya jirani kila wimbi linapokuja. Chunga pia dingi isiingie chini ya gati. Maji kujaa na kupwa huko ni kidogo, pengine nusu mita tu, lakini mawimbi yakipanda dingi hubanwa chini ya mbao na kutobolewa na misumari. Funga kwa mnyororo na kufuli. Wizi wa dingi na mashine upo visiwani humo kama ulivyo kwenye pwani yoyote, na mwizi anaipenda mvua kwa sababu hakuna anayetazama nje.

Kuhusu mavazi sitasema mengi. Koti la mvua lenye kofia ni bora kuliko mwavuli, kwa kuwa upepo wa huko huugeuza mwavuli mara moja. Malapa yaache chomboni, ngazi za St. George's zina mwinuko na zikiloa huteleza. Nguo kavu, simu na nakala ya pasipoti ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuzingatia. Nguo zenye madoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia nchini Grenada, na katika visiwa kadhaa vya jirani pia, kwa hiyo lile koti la mvua la mabaka ulilonunua kwa bei nafuu libaki kabatini. Pili, kutembea mjini kifua wazi au na nguo za kuogelea huhesabiwa ni utovu wa adabu, mvua iwe inanyesha au hainyeshi.

Ukishafika barabarani, panda basi dogo. Teksi zipo, lakini basi ni rahisi na lina faida nyingine: unakaa na watu. Mtu aliyezoea daladala au matatu hatapotea. Kuna konda, kuna muziki, kuna kubanana, na magari yanapita kushoto kama kwetu. Unapotaka kushuka unagonga dari au ubavu wa gari. Kanuni isiyoandikwa ni salamu. Anayeingia ndani ya basi, duka au ofisi husalimu kwanza, ndipo aseme shida yake. Wageni wengi kutoka Ulaya huanza na swali la bei, wakajibiwa kwa mkato, wakaenda kusimulia kwamba wenyeji ni wakali. Mswahili hapa ana mtaji wa bure, autumie. Lingine la kukumbuka: ukitajiwa bei, uliza ni dola gani. Grenada hutumia dola ya Karibiani ya Mashariki, ambayo tangu 1976 imefungwa kwenye kiwango cha 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Kati ya dola hizi mbili kuna tofauti ya karibu mara tatu.

Kutoka kituo cha mabasi cha St. George's, mji mkuu, panda basi la kwenda Gouyave, mji wa wavuvi ulioko pwani ya magharibi. Muulize dereva hali ya barabara kwanza, kwa sababu inapita chini ya miinuko na mvua kubwa huweza kuangusha udongo na mawe. Kama njia ni salama, nenda siku ya kazi, maana unachokwenda kuona ni watu wakiwa kazini.

Gouyave kuna kituo kikubwa cha kungumanga, jengo refu la ghorofa, la mbao na bati. Mvua ikipiga bati lile huwezi kusikia anachosema mwongozaji mpaka akusogelee. Harufu inakupokea mlangoni, kali na tamu kwa pamoja, na nguo zako zitarudi nayo chomboni. Wakulima huleta kungumanga zikiwa bado kwenye maganda yake magumu, basbasi imekwisha kubanduliwa na kuwekwa mbali, kwa kuwa ina bei yake na daraja zake. Kungumanga humwagwa kwenye tabaka za mbao, safu juu ya safu, zikakaa hapo wiki kadhaa zikikauka taratibu kivulini, na mtu hupita na reki ya mbao akizigeuza. Zikishakauka hupasuliwa kwa mashine, kisha zinafika mikononi mwa akina mama waliokaa mstari mmoja, ambao hutenganisha kokwa na vipande vya ganda kwa kasi ambayo macho yako hayaiwezi. Halafu kuna jaribio dogo la maji: kungumanga hutumbukizwa, zinazozama ndizo nzito, za daraja la kwanza, za kwenda kusagwa jikoni kwa watu. Zinazoelea ni nyepesi, huenda kukamuliwa mafuta na kutengenezewa dawa. Mwisho ni magunia, yamepigwa chapa ya rangi kwa mkono, yanangoja meli. Maganda nayo hayatupwi. Utayakanyaga kisiwani kote, yametandazwa kwenye vijia vya bustani badala ya kokoto.

Mtu wa Unguja au Pemba akifika hapo ana maswali ambayo mtalii mwingine hana. Kungumanga anaijua, na amewaona waongozaji wa mashamba ya viungo wakiipasua mbele ya wageni ili waone ule utando mwekundu wa basbasi. Aulize basi habari za soko. Zanzibar, karafuu hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC. Grenada wakulima wa kungumanga waliunda ushirika wao 1947, na kituo hicho ni kazi yake. Aulize pia habari za Ivan, maana kimbunga kile kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga, na mti huu ukipandwa leo hauzai kesho, unaweza kuchukua miaka saba au zaidi. Mkulima aliyekuwa na umri wa miaka 60 mwaka 2004 alikuwa na uamuzi mgumu: apande upya au aache? Mazungumzo ya namna hii hayapatikani ufukweni.

Karibu na Gouyave liko shamba la kale la Dougaldston, ambako kakao ilikaushwa kwa ustadi unaofaa kukumbukwa hasa siku ya mvua. Kakao ilianikwa juani kwenye trei pana sana za mbao, na wafanyakazi walizigeuza mbegu kwa kuburuta miguu kati yake. Sasa wingu lilipotokea ghafla, nani alikusanya mbegu zote hizo? Hakukusanya mtu. Trei ziliwekwa juu ya reli na magurudumu, zilisukumwa zote kuingia chini ya jengo, na mvua ilipokatika zilivutwa nje. Shamba la Belmont, kaskazini mashariki mwa kisiwa, bado linashughulika na kakao na hupokea wageni. Ila ni mbali kwa aliyeacha chombo ghuba za kusini, na siku ya mvua mimi nisingekwenda mbali hivyo.

Ukirudi St. George's mapema, pitia sokoni ukanunue chakula cha jioni. Jumamosi ndiyo siku ya soko kubwa, lakini hata siku nyingine akina mama hukaa chini ya miavuli yao na mazao. Kuanzia bandarini hadi upande wa soko kuna handaki la Sendall lililochimbwa mwishoni mwa karne ya 19, na mvua ikianza kila mgeni hudhani amepata kibanda. Pitia, lakini usisimame humo. Ni jembamba, na magari na waenda kwa miguu wanagawana njia hiyohiyo.

Sokoni utakutana na jamaa zako wa zamani: mashelisheli, magimbi, nazi, ndizi mbichi, binzari ya manjano, mdalasini, tangawizi. Hivi ndivyo vinavyotengeneza chakula cha taifa la Grenada, kinachoitwa oil down. Shelisheli humenywa na kukatwa vipande, likapangwa sufuriani pamoja na nyama au samaki wa chumvi, maandazi ya kuchemsha ya unga wa ngano na majani ya magimbi juu kabisa. Tui zito na binzari vinamiminiwa, sufuria inafunikwa, inachemka mpaka tui lote linanyonywa na kubaki mafuta chini. Aliyekula shelisheli la nazi Zanzibar ataona ni ndugu wa karibu. Ila tahadhari kwa Waislamu: mara nyingi nyama ya chumvi iliyomo ni mkia wa nguruwe, na muuzaji hatakuambia usipouliza. Uliza mapema, kwa adabu, kwa sababu wapo wanaopika kwa samaki mkavu au kuku. Au nunueni vitu mkapike wenyewe chomboni. Sufuria moja, moto mmoja, saa moja na nusu. Kwa yoti iliyojaa watu walioloa, sioni chakula bora kuliko hicho. Shelisheli lenyewe ni mgeni huko. Nahodha William Bligh alileta miche kutoka Tahiti mwaka 1793, akaishusha St. Vincent na Jamaica, ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Nunua pia vijiti vya kakao ya kusaga: vikichemshwa na mdalasini, jani la bay na kungumanga kidogo, ndiyo chai ya siku ya mvua kwa wenyeji.

Kama mvua imekubana mjini au kijijini na huna pa kwenda, tafuta kibanda chenye watu wanaocheza dhumna. Sauti ya kete zikigongwa mezani itakuongoza. Aliyekulia barazani hahitaji kufundishwa adabu zake: agiza kinywaji, simama nyuma, tazama michezo miwili mitatu, usimfundishe mtu cha kucheza, na ngoja uitwe. Vibanda hivi huuza ramu, lakini vinauza pia soda, malta, na maubi, kinywaji chenye uchungu kinachotokana na maganda ya mti. Karibu na Krismasi kuna juisi ya rozela. Ramu ya huko, hasa ile ya River Antoine, kiwanda cha tangu 1785 kinachotumia gurudumu la maji, ni kali kupita kiasi, na atakayeendesha dingi jioni asiiguse kabisa.

Yapo ya kuyaacha siku hiyo, na hapa nitakuwa mkali. Maporomoko ya maji yasubiri. Mto wa milimani hujaa kwa mvua iliyonyesha juu ambako wewe huioni, na maji hushuka kwa kishindo hata kama mahali uliposimama pana jua. Usiogelee karibu na midomo ya mito baada ya mvua, wala usipite kwenye maji ya mafuriko ukiwa na kidonda mguuni. Ile homa ya mgunda iliyotushtua Tanzania 2022 ipo Karibiani pia, na inaenezwa vivyo hivyo, kwa mkojo wa wanyama ulioingia majini. Na usiamue kuhamisha chombo kwenda ghuba nyingine eti kwa sababu hakuna la kufanya. Miamba ya kusini mwa Grenada husomwa kwa rangi ya maji, na rangi haionekani bila jua la juu. Chini ya wingu, mwamba na maji ya kina vyote ni kijivu.

Kwa aliye visiwa vingine, kanuni ni ileile, mahali tu panabadilika. Fort-de-France, Martinique, kuna Maktaba ya Schoelcher, jengo la chuma lililotengenezwa Ufaransa, likasafirishwa vipande vipande na kufunguliwa 1893. Victor Schoelcher, mpiganiaji wa kukomesha utumwa, alitoa vitabu vyake viwe vya watu wote. Saint-Pierre, kisiwa hichohicho, kuna makumbusho ya mlima Pelée, uliolipuka 8 Mei 1902 na kuua karibu watu 30,000 kwa dakika chache. Antigua, bandari ya kale ya Nelson's Dockyard ina majengo ya kujisitiri na makumbusho yake. Ila kumbuka kila kisiwa kina masharti yake ya viza, na Martinique ni Ufaransa lakini viza ya Schengen peke yake haitoshi kukuingiza. Siku ya mvua si siku ya kugundua hilo kaunta ya uhamiaji.

Kuhusu kufua nguo: kila yoti huwa na wazo hilo siku hiyo, na foleni kwenye duka la dobi inatoka nje. Fueni chomboni kwa maji mliyoyakinga, kamueni, mkalipie mashine ya kukaushia peke yake. Nguo zilizosuuzwa kwa maji ya chumvi hazikauki kamwe, chumvi inavuta unyevu hata kabatini.

Kurudi kupange mapema kuliko unavyodhani. Jua huko huzama kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa kumi na mbili na nusu jioni, kutegemea mwezi, na wingu zito huleta giza kabla ya hapo. Fika gatini saa kumi na moja. Dhoruba fupi ikikukuta hapo, subiri ipite. Dakika 20 chini ya paa hazijamdhuru mtu. Fua maji yote ndani ya dingi kabla ya kupakia, vaeni majaketi okozi, kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi, na uwe na tochi nyeupe yenye nguvu, maana madereva wengine wa dingi nao wameinamisha vichwa kwa sababu ya mvua. Mzigo mzito uende katikati. Kama watu ni wengi, safari iwe mbili.

Ukipanda chomboni, usikae kwanza. Tazama mnyororo, funua ngama, soma betri, linganisha zile alama na picha ya asubuhi. Kisha inua dingi juu kwa kamba ya mlingoti, chomoa kizibo chake na uiache imeinamia tezi kidogo. Ikikaa sawasawa itajaa usiku, na uzito wa maji utakata kamba. Makoti na viatu vilivyoloa vibaki nje chini ya turubai. Vikilala ndani, asubuhi hata mkate utanuka uvundo.